Unyakuzi wa majina ya mtandao: jina ni lenu, pesa za matangazo ni za mwingine

Chukulia mfano huu. Kikundi cha kina mama wa Ndera, kandokando ya Mto Tana, kinapata ufadhili wa miaka miwili wa kufuga nyuki na kuuza asali. Ndani ya bajeti mna fungu dogo la tovuti. Fundi anatoka mjini, tovuti inatengenezwa, picha za mizinga zinapandishwa, na anwani yake inachapishwa kwenye mabango, kwenye risiti na kwenye ripoti ya mfadhili. Mradi unakwisha. Mwaka wa tatu mtu aliye ng'ambo anaikuta ile anwani kwenye ripoti ya zamani. Anaifungua akitaka kuagiza asali, anakutana na ukurasa mweupe wenye orodha ya viungo: kamari ya mpira, mikopo ya haraka, hoteli za bei rahisi. Na juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, jina la kikundi.

Hakuna aliyevunja mlango. Hakuna aliyeiba neno la siri. Ada ya mwaka haikulipwa, jina likarudi sokoni, na mtu asiyejua Ndera iko wapi akalichukua. Kila mgeni anayebofya kiungo kimojawapo humwachia mtu huyo senti kadhaa.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake isiyotokea kila siku. Huu ndio unyakuzi wa majina ya mtandao kwa ajili ya pesa za matangazo. Makala haya yaeleza unavyofanya kazi, sheria inavyosema, na kikundi, shule, msikiti, kanisa au duka la huku kwetu lifanye nini ili jina lake lisigeuke ubao wa matangazo ya wengine.

Jina la mtandao ni kitu gani

Kompyuta zilizounganishwa kwenye intaneti hutambuana kwa nambari. Kwa kuwa binadamu hakumbuki nambari ndefu, tangu miaka ya 1980 kumekuwa na mfumo wa majina ya maneno yanayosimama badala ya nambari hizo. Jina la namna hiyo huitwa jina la kikoa. Mafundi wengi husema tu domeni.

Mwisho wa jina huonyesha msimamizi wake. Majina ya .com husimamiwa na kampuni ya Verisign ya Marekani. Kila nchi nayo ina herufi zake mbili: .tz ni Tanzania, .ug ni Uganda, .om ni Oman. Kenya iligawiwa .ke mwaka 1993, na leo msimamizi wake ni KeNIC, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 2002. Chini ya .ke kuna matawi: .co.ke kwa biashara, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .sc.ke kwa shule, .ac.ke kwa vyuo, na .go.ke kwa serikali peke yake. Tangu 2017 mtu anaweza pia kuandikisha jina linaloishia .ke moja kwa moja, bila tawi katikati. Mwananchi huandikisha kupitia kampuni za usajili zilizoidhinishwa, ambazo ziko nyingi.

Mambo matatu hapa huwapotezea watu majina yao.

La kwanza, jina halinunuliwi, hukodishwa. Unalipa kwa mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha usipolipa tena, si lako. Hata kama ulilitumia miaka kumi na kila mtu mjini anajua ni lenu.

La pili, anayewahi ndiye anayepewa. Msajili hakuulizi unataka jina hilo kwa nini, wala haendi kijijini kuuliza kama wenyewe wapo.

La tatu, jina, tovuti, na mahali tovuti inapohifadhiwa ni vitu vitatu mbalimbali, ingawa fundi hukuandikia risiti moja. Unaweza kuwa na kurasa zako zote salama kwenye diski nyumbani na jina limekwenda. Ni kama kuwa na bidhaa zote za duka, ila mlango wa duka sasa una kufuli ya mtu mwingine.

Pesa hutoka wapi

Swali ambalo watu huuliza ni hili: mtu atafaidika nini na jina la kikundi cha asali cha Tana River?

Jibu liko kwenye mnyororo wa matangazo. Mfanyabiashara hulipa kampuni ya matangazo, kwa mfano Google, kila mtu anapobofya tangazo lake. Kampuni hiyo hugawana malipo na mwenye ukurasa ambako tangazo lilionekana. Katikati huwa kuna kampuni za kuegesha majina, mojawapo ikiwa Sedo ya Ujerumani, ambazo hutengeneza ukurasa wa viungo wenyewe kwa wenyewe, bila mwenye jina kuandika hata neno. Jina huegeshwa kama gari lisilo na safari, na matangazo hubandikwa juu yake.

Wageni hutoka wapi, ikiwa hakuna tovuti? Wengine hufuata viungo vya zamani vilivyobaki kwenye ripoti, magazeti na tovuti nyingine. Wengine hukisia tu, wakaandika jina la mahali au la bidhaa na kuongeza .com. Wengine hukosea herufi.

Jina moja huleta kidogo sana. Hesabu huwa tamu kwa wingi. Tuseme mtu ana majina 1,000, na kila moja linamwingizia wastani wa shilingi 5 kwa siku. Hizo ni Ksh 5,000 kwa siku, na kwa mwaka ni Ksh 1,825,000. Akilipa ada ya Ksh 1,000 kwa kila jina kwa mwaka, anatoa Ksh 1,000,000 na kubakiwa na Ksh 825,000, naye hajauza hata kijiko. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini mpango wenyewe ndio huo. Jina lenu halikuchaguliwa kwa chuki wala kwa mapenzi. Programu ya kompyuta iliona jina limeachwa, ikaona lina viungo vya zamani vinavyolielekea, ikalinyakua pamoja na mamia mengine siku hiyohiyo.

Kwa miaka kadhaa kazi hii ilikuwa hata bila mtaji. Sheria za .com ziliruhusu mtu kuandikisha jina na kulirudisha ndani ya siku 5 bila gharama. Wanyakuzi wakawa wanachukua mamilioni ya majina, wanayapima siku 5 kuona yapi yanaleta wageni, kisha wanarudisha yasiyolipa. ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina duniani tangu 1998, lilipoanza kutoza ada kwa marejesho ya kupita kiasi, marejesho yakashuka kwa asilimia 99.7 kufikia mwaka 2009. Ujanja uliokuwa ukiitwa biashara ulikufa mara tu ulipowekewa bei.

Njia nne za kunyakua

Njia ya kwanza ni ya majina yaliyoachwa, kama ule mfano wetu wa asali. Hii ndiyo inayovigusa zaidi vikundi vyetu, kwa sababu miradi huja na kwisha, na hakuna mfadhili anayelipa ada ya jina baada ya mradi kufungwa.

Njia ya pili ni kuwahi. Mtu huandikisha jina la mwenziwe kabla mwenyewe hajaamka. Mwaka 1994 mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, aliona kwamba McDonald's hawajaandikisha mcdonalds.com, akaliandikisha yeye. Hakutaka pesa zake mwenyewe; aliliachia jina baada ya kampuni kukubali kuichangia shule moja vifaa vya kompyuta. Wengine hawakuwa na moyo huo. Dennis Toeppen aliandikisha majina mengi ya kampuni kubwa, likiwemo panavision.com, na akaitaka Panavision imlipe dola 13,000. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua dhidi yake.

Njia ya tatu ni kutegea makosa ya herufi. John Zuccarini wa Marekani aliandikisha maelfu ya majina yaliyokosewa kwa herufi moja au mbili, mengi yakiwa ya watu maarufu na ya vipindi vya watoto. Mtoto aliyekosea herufi alijikuta katika msururu wa matangazo yasiyofungika, mengine ya uchafu. Alikamatwa mwaka 2003, na mwaka 2004 akahukumiwa kifungo cha miezi 30.

Makosa hayo hutokea pia mwishoni mwa jina, na hapa yanatugusa karibu. Ukitaka kuandika .com ukasahau herufi o, umeingia .cm, ambayo ni Cameroon. Mwaka 2006 majina yote ya .cm ambayo hayakuwa na mwenyewe yalielekezwa kwenye ukurasa wa matangazo, kwa mpango uliomhusisha mfanyabiashara wa majina wa Canada, Kevin Ham. Herufi za nchi nzima zikawa mtego.

Ukisahau herufi c, umeingia .om, yaani Oman, nchi ambayo watu wengi wa Pwani wana ndugu zao. Machi 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Endgame ya Marekani walitoa taarifa kwamba zaidi ya majina 300 ya kampuni maarufu yalikuwa yameandikishwa chini ya .om na wasiohusika nazo. Aliyeingia huko akitumia kompyuta ya Apple aliambiwa apakue programu ya video. Alichopata ni programu ya kumjazia matangazo. Kwa hiyo ukurasa wa matangazo hauishii kwenye kuudhi tu. Huweza kuwa mlango wa kuingiza kitu kwenye kompyuta yako.

Njia ya nne haimo kwenye vitabu vya sheria za ng'ambo, lakini huku kwetu kila mwenye kikundi ataitambua. Fundi aliyetengeneza tovuti huandikisha jina kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake na simu yake. Mara nyingi hana nia mbaya; ni kurahisisha kazi tu. Lakini kwa msajili, mwenye jina ni yeye. Akihama, akibadilisha laini, akigombana nanyi au akifariki, onyo la kulipia humfikia yeye, halikufikieni nyinyi. Kutoka hapo jina huanguka kwenye njia ya kwanza.

Tusimwite skwota

Kwa Kiingereza mnyakuzi wa majina huitwa skwota wa mtandao. Hapa Pwani neno hilo lina uchungu wake, na ni vyema kulitazama, kwa sababu linageuza mambo juu chini.

Skwota tunayemjua ni mtu aliyezaliwa shambani, amezika wazee wake humo na kupanda minazi na miembe, lakini hati iko kabatini kwa mtu anayeishi mbali. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipoanza kutumika katika ukanda wa pwani, aliyejua njia ya kwenda ofisini aliandikiwa, na asiyejua akabaki mgeni kwao. Huku Tana historia ilikuwa tofauti. Sehemu kubwa ya ardhi ilishikwa na mabaraza ya serikali za mitaa kwa niaba ya wenyeji, hadi Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ilipofungua njia ya jamii kuisajili kwa jina lao wenyewe.

Mnyakuzi wa majina hafanani na skwota hata kidogo. Yeye ndiye mwenye hati. Hakai hapo, halimi hapo, hajui waliotangulia, na kazi yake ni kupokea kodi kutoka mbali. Anayefanana na skwota wetu ni kile kikundi chenye jina, historia na watu, lakini hakina karatasi. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini dawa yake ni ileile ya ardhi: kuandikisha kwa jina la wenyewe, na kutunza karatasi.

Jina la mahali ni la nani

Je, watu wa Ndera wanaweza kumshitaki mtu wa mbali kwa sababu tu ametumia neno Ndera? Hapa inafaa kusema ukweli hata kama haupendezi.

Ndera kwetu ni jina la kundi mojawapo la Wapokomo na la sehemu yao ya mto. Ni jina ambalo watafiti wa nje hulitafuta, kwa sababu hapo karibu ndipo ilipo Hifadhi ya Nyani ya Tana River, iliyoanzishwa mwaka 1976 kuwalinda mbega wekundu na mangabi wasiopatikana mahali pengine duniani. Lakini Ndera ni pia sehemu ya mji wa Kigali, Rwanda, maarufu kwa hospitali yake ya magonjwa ya akili. Wao nao wana haki ya jina lao. Anayewahi kuandikisha jina tupu la mahali si lazima awe mwizi.

Miji mikubwa imeshindwa katika jambo hili. Baraza la jiji la Barcelona lilishinda mwaka 2000 mbele ya wasuluhishi wa Shirika la Dunia la Hakimiliki, WIPO, likataka kukabidhiwa barcelona.com. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani ikabatilisha, ikisema jina la mji ni la wote kutumia. Serikali ya New Zealand nayo ilishindwa mwaka 2002 kulipata newzealand.com kwa malalamiko, na mwaka uliofuata ikalinunua kwa karibu dola 1,000,000 za nchi hiyo.

Funzo kwa vikundi vyetu ni kwamba jina tupu la kijiji halina kinga kubwa. Jina la kikundi chenye cheti cha usajili, lililotumika kwa miaka na kujulikana kwa kazi fulani, lina kinga zaidi. Na jina lililosajiliwa kama alama ya biashara katika taasisi ya hakimiliki ya viwanda ya Kenya, KIPI, lina kinga kubwa kuliko yote. Pwani tulilionja suala hili kwenye kikoi: kampuni moja ya Uingereza ilipoomba huko kwao neno kikoy liwe alama yake ya biashara, wafumaji na wanaharakati walipinga, na ombi likaachwa. Walishinda kwa sababu walisema mapema, kabla muhuri haujagongwa.

Sheria yasemaje

Kenya ina kifungu mahsusi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 28, inasema ni kosa kwa mtu kuchukua au kutumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama ya biashara au jina la kikoa lililosajiliwa, kumilikiwa au kutumiwa na mwingine kwenye intaneti, bila idhini wala haki. Adhabu ni faini isiyozidi Ksh 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Vifungu 26 vya sheria hiyo vilisimamishwa na mahakama mwezi Mei 2018 kwa kesi ya wanablogu, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria ni halali kikatiba.

Kifungu hicho kina nguvu kwa mnyakuzi aliye Kenya. Kwa aliyejificha nchi nyingine, polisi wa Garsen au Hola hawana pa kumkamatia. Hapo ndipo taratibu za usuluhishi zinapofaa zaidi, maana hazimtafuti mtu. Hushughulika na jina lenyewe.

Kwa majina ya .ke, KeNIC ina utaratibu wake wa kusuluhisha migogoro. Kwa .com na wenzake kuna utaratibu wa ICANN wa tangu mwaka 1999. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya watu, kwamba aliyelishika hana haki wala sababu halali, na kwamba liliandikishwa na linatumiwa kwa nia mbaya. Yote matatu, si mawili. Ada ya chini mbele ya WIPO, kwa jina 1 hadi 5 na msuluhishi mmoja, ni dola 1,500, karibu Ksh 200,000 kwa viwango vya miaka ya karibuni, bila kuhesabu wakili. Ukishinda unapewa jina. Fidia hupewi.

Weka tarakimu hizo mbili pamoja: ada ya mwaka ya jina moja ni kama bei ya kuku mmoja au wawili, kulirudisha kwa malalamiko ni bei ya ng'ombe kadhaa. Kwa kikundi cha kijiji, ulinzi wa kweli uko kabla ya kupoteza.

Hasara isiyoonekana

Wengine husema: kama ni ukurasa wa matangazo tu, si neno, tutafungua ukurasa wa Facebook. Wasilisahau jambo la barua pepe.

Kama kikundi kilikuwa na anwani za barua pepe zenye jina hilo, aliyelichukua jina anaweza kuzifufua anwani zilezile. Barua ya mfadhili, ankara, nakala za vitambulisho, vyote vitamfikia yeye. Na kama akaunti zenu nyingine zilifunguliwa kwa anwani hiyo, akiomba kubadilisha neno la siri, kiungo cha kubadilishia kitaletwa kwake.

Kisha kuna heshima. Jina la madrasa au la shule ya msingi kusimama juu ya matangazo ya kamari si jambo dogo katika jamii yetu. Mzazi hatauliza habari za ada ya domeni. Atauliza nyinyi mna nini na kamari.

Na kuna wakati wa dhiki. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamisha watu wengi wa Tana River. Nyakati kama hizo ndipo mtu wa mbali hutafuta kikundi cha wenyeji cha kukitumia msaada. Akikuta ukurasa wa mikopo ya haraka, ataufunga na kupeleka mchango wake kwingine. Akikuta ukurasa unaoigiza kikundi chenu na kuomba pesa, ni balaa zaidi.

La kufanya kabla hujapoteza

Andikisha jina kwa jina la kikundi, si la fundi wala la katibu. Barua pepe ya usajili isiwe ile yenye jina lenyewe la kikoa, maana jina likianguka nayo inaanguka. Tumieni anwani nyingine ambayo viongozi wasiopungua wawili wanaweza kuifungua.

Mwambie fundi akukabidhi neno la siri la akaunti ya msajili siku ya kumlipa, si baadaye. Liandikwe, litiwe kwenye bahasha na kuhifadhiwa pamoja na cheti cha kikundi na vitabu vya benki.

Lipeni miaka mingi kwa mpigo pesa za mradi zikiwapo. Jina la .com huweza kulipiwa hadi miaka 10. Hii ndiyo pesa ya tovuti yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika katika bajeti.

Tarehe ya mwisho ya jina iwe ajenda katika mkutano mkuu wa kila mwaka, kama vile hesabu zinavyosomwa. Hapohapo mtu afungue huduma ya KeNIC ya kutazama usajili, au ya msajili kwa majina ya .com, aone ni jina la nani lililoandikwa na muda unaisha lini.

Chagueni mwisho unaowafaa. Kikundi cha jamii kinafaa .or.ke na shule .sc.ke. Mkiwa na uwezo ongezeni .com ya jina hilohilo. Kununua kila tahajia inayoweza kukosewa ni kumwaga pesa.

Jihadharini na barua pepe za vitisho: kwamba kampuni fulani ya China inataka kuandikisha jina lenu, lipeni haraka, au ankara ya kulipia jina kutoka kwa msajili msiyemjua. Ni ulaghai wa zamani. Lipeni kwa msajili wenu tu.

La kufanya jina likishapotea

Kama muda umeisha juzijuzi, usikae. Kwa .com, wasajili wengi hukupa siku za kulipa baada ya muda kuisha, na baada ya hapo kuna siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Zikipita, siku 5 baadaye jina huachiwa yeyote. Kwa .ke, mpigie msajili wako siku hiyohiyo.

Kama limeshachukuliwa, usimwandikie mnyakuzi kwa pupa. Akijua unalihitaji, bei hupanda. Piga picha za ukurasa wake zenye tarehe. Usibofye matangazo yake, wala usiwaambie wanakikundi waende wakaone. Kila ziara ni ushahidi kwake kwamba jina linalipa. Nenda kwenye archive.org, maktaba ya mtandao inayohifadhi nakala za tovuti tangu 1996, ukatafute kurasa zenu za zamani. Nakala hizo, pamoja na cheti cha usajili na risiti, ndizo zitakazoonyesha kwamba mlikuwepo kwanza.

Badilisheni anwani za barua pepe kwenye kila akaunti iliyotumia jina la zamani. Waarifuni wafadhili, benki na washirika kwa maandishi. Waombeni wenye tovuti zilizoweka kiungo chenu wakiondoe; viungo vya zamani ndivyo chakula cha mnyakuzi, na vikikauka naye huliacha jina. Wengi huachia majina yasiyoleta wageni ada ya mwaka inapofika. Kikundi chenye subira, kilichoandika ile tarehe, huweza kulipata tena jina lake kwa bei ya kawaida.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la mtandao ni mali isiyoshikika, haina uzio wala mti wa mpaka, kwa hiyo daftari ndilo uzio wake. Kama kikundi chako kina tovuti, ulizaneni leo maswali mawili: limeandikwa kwa jina la nani, na linaisha lini? Kama hakuna mwanachama anayejua jibu, jina hilo liko mlangoni, linasubiri wa kulichukua.